Shajara ya mradi: mwalimu mkuu mpya na mwenza wake, Desemba 2023 hadi Desemba 2024

Ninaiweka shajara hii kwa ajili ya maafisa elimu kata wenzangu na walimu wakuu wanaotaka kuufanya kwao mradi huu wa kumpa mwalimu mkuu mpya mwenza mzoefu. Kata zetu ni tatu, zinapakana, kusini mwa Mkoa wa Pwani. Shule zote ni za msingi na za serikali. Majina ya watu nimeyaacha, na shule nimezipa majina ya kupanga: Mikorosho, Mtoni, Barabarani na Kilimani. Mbili nyingine zimekwenda bila misukosuko, kwa hiyo sizitaji sana.

4 Desemba 2023: Barua za uteuzi

Walimu wakuu wapya ni sita. Wanne walikuwa walimu wa taaluma, mmoja mwalimu mkuu msaidizi, mmoja ametoka moja kwa moja darasani. Utaratibu uliozoeleka ni huu: barua ya Mkurugenzi wa halmashauri, siku za kuripoti, funguo na muhuri, basi.

Mafunzo yapo. Chuo cha ADEM cha Bagamoyo, kilichoanza mwaka 1979 kwa jina la MANTEP, kinafundisha uongozi na usimamizi wa elimu, na niliowaona wakirudi kutoka huko wamerudi wamejengeka. Ila nafasi huja kwa zamu, na wengi huteuliwa kwanza, mafunzo yakafuata baadaye. Katikati hapo mtu anaongoza watoto mia sita, kamati ya shule, akaunti ya benki na walimu waliomzidi umri, wakati hajawahi kujaza hati ya malipo hata moja. Mradi huu ni kwa ajili ya miezi hiyo.

Mpango wenyewe: kila mpya apate mwenza, yaani mwalimu mkuu mzoefu wa shule nyingine, kwa mwaka mzima. Hakuna mfadhili. Wazoefu wanane wamekubali kuchanga shilingi 5,000 kila mmoja kwa mwezi. Mafuta ya pikipiki yangu yatatoka kwenye posho yangu ya madaraka.

14 Desemba 2023: Semina ya siku moja

Tuliwaita wote sita na wazoefu wanane. Mada zilikuwa fedha, nidhamu, usimamizi wa taaluma, kamati ya shule, takwimu, mtaala mpya unaoanza Januari kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Kila mmoja aliondoka na kabrasha la kurasa 60. Chakula 70,000, nakala 84,000, jumla 154,000.

Haikusaidia, na ni gharama kubwa ya pili ya mradi, baada ya nauli za wenza. Mtu ambaye hajashika ofisi hajui aulize nini. Tulipofika kwenye fedha, maswali yote yaliulizwa na wazoefu, wapya wakaandika kimya. Mwezi Februari nilipopita shuleni nilikuta makabrasha manne yako kabatini kama yalivyotoka, hayajafunguliwa. Anayetaka kuiga mradi huu aanze na makabidhiano, hiyo hela aiweke kwenye nauli za wenza.

3 hadi 26 Januari 2024: Makabidhiano

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mwalimu mkuu mpya anapozama, na anazama siku ya kwanza kabla hata hajakalia kiti.

Mikorosho ndiyo iliyotufundisha. Mwalimu mkuu anayeondoka ndiye aliyemfundisha huyu mpya darasa la tano, miaka hiyo. Kijana akaingia ofisini, akasema shikamoo Mwalimu. Mzee akajibu, "Marahaba mwanangu. Kila kitu kimo humu, weka saini hapa nikawahi basi." Akaweka. Nani angemwambia mwalimu wake kwamba anataka kwanza akahesabu madawati?

Baada ya wiki mbili mwenye duka la kijijini akaja na daftari: shule inadaiwa shilingi 185,000 za chaki, karatasi na makufuli. Wiki hiyohiyo kijana akaamua kuhesabu. Leja inasema madawati 214, yaliyopo madarasani ni 171. Na kwa saini yake mwenyewe, amepokea 214 na hana deni lolote.

Alinipigia simu usiku, sauti inatetemeka, akidhani kesho anavuliwa madaraka. Nikamwambia asijibu barua yoyote, asilipe chochote. Asubuhi tukaita wajumbe wawili wa kamati ya shule, mwenyekiti wa kitongoji na mwalimu wa stoo, tukahesabu upya. Katika 43 yaliyopungua, 26 yalikuwa nyuma ya stoo, yamevunjika miguu, yanatengenezeka. Kumi na mawili yaliazimwa na sekondari ya kata wakati wa ujenzi wa madarasa, bila hati. Matano hayajulikani yalipo. Tukaandika nyongeza ya taarifa ya makabidhiano, wote tukasaini, nakala ikaenda halmashauri. Kisha nikampigia mzee. Hakukataa hata kidogo. Deni lilikuwa la kweli, na yeye alikuwa na daftari lake la kumbukumbu, hakuna aliyemuuliza. Alikuja Jumamosi kwa nauli yetu ya shilingi 14,000, akasaini nyongeza.

Kwa hiyo wizi haukuwepo. Heshima ndiyo iliyomfunga kijana mdomo, na heshima siwezi kuiondoa wala sitaki. Tukaihamisha kazi ya kuhesabu itoke mikononi mwa mdogo. Tangu hapo kata zote tatu zina utaratibu huu:

Anayehesabu ni kamati ya shule, siyo anayepokea. Mpya anasema tu, "Mwalimu, huu ni utaratibu wa kata," na mzee haoni kwamba anashukiwa. Siku ya kuhesabu haiwi siku ya kusaini. Lazima zipite angalau siku mbili katikati. Salio la fedha linachukuliwa kwenye taarifa ya benki ya siku hiyo, halafu ndipo linalinganishwa na kitabu cha fedha. Madeni yanaulizwa dukani, kwa fundi na kwa mama anayewapikia watoto uji, siyo ofisini peke yake. Vishikwambi vya walimu vinaonwa kwa macho, namba kwa namba. Nyaraka za eneo la shule zinatolewa na kusomwa, maana mipaka ndiyo ugomvi unaokuja mwalimu mkuu wa zamani akishaondoka. Na mwisho kuna sehemu tuliyoiita ahadi: boma la darasa ambalo wananchi walilifikisha kwenye lenta na kuahidiwa bati, mchango uliokusanywa kwa kazi fulani, mzazi aliyeambiwa mwanawe atahamishwa. Ahadi haziko kwenye leja yoyote, na ndizo zinazomwangusha mgeni mbele ya mkutano wa kijiji.

Fomu nzima ni kurasa mbili. Barabarani na Kilimani, ambako makabidhiano yalichelewa hadi baada ya tarehe 15, waliitumia. Kilimani walikuta upungufu wa vitabu vya darasa la pili. Uliandikwa, ukasainiwa, hakuna aliyenuniana na mwenzake.

2 Februari 2024: Saini za benki

Fedha za uendeshaji zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 kati ya hizo ndizo zinazofika shuleni. Shule ya watoto 600 hapo ina kama 300,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini bila hiyo hakuna chaki.

Shule mbili zimekaa mwezi mzima fedha ipo na haitoki, kwa sababu waweka saini benki bado ni wale wa zamani. Anayeondoka amehamia wilaya nyingine. Dawa yake ni ndogo: barua ya kubadilisha waweka saini, muhtasari wa kikao cha kamati na picha za pasipoti viandaliwe wiki ileile ya makabidhiano, anayeondoka akiwa bado yupo. Tumeiongeza kwenye fomu, mstari wa kwanza kabisa.

23 Februari 2024: Jozi za kwanza zimevunjika

Tuliwapanga wenza kwa ukaribu, ili nauli iwe ndogo. Jozi tatu kati ya sita hazikufanya kazi.

Mtoni na jirani yake wako kata moja, na shule za kata hupangwa kwa matokeo ya darasa la saba. Kila mwaka shule hizo mbili zinafukuzana. Mwalimu mkuu mpya hawezi kumfungulia mpinzani wake daftari la majaribio ya kila mwezi akamwonyesha kwamba darasa la saba halijui hesabu za sehemu. Walikutana, wakanywa chai, wakazungumzia hali ya hewa.

Barabarani tatizo lilikuwa jingine. Mwenza alikuwa mzuri sana wa kazi, lakini alipofika alikaa kwenye kiti cha mgeni rasmi, akaomba maandalio ya masomo, akaingia madarasani, akaandika maoni nusu ukurasa kwenye kitabu cha wageni. Alipoondoka walimu wakawa wanamwita "mthibiti ubora wa mkuu wetu", yaani mkaguzi wake. Mwalimu mkuu mpya akaonekana mtu anayechungwa. Alinieleza hivi, na ninamwelewa: "Afisa, asirudi tena kabla sijazoeleka."

Marekebisho. Jozi zote sasa zinavuka kata. Shule zinafanana ukubwa, maana mwenye watoto 250 hajui shida ya mwenye watoto 1,100. Ziara ya kwanza ni ya mpya kwenda kwa mzoefu: anakaa naye ofisini kutwa nzima, anaona simu zinavyopokelewa, mzazi mwenye hasira anavyokaribishwa, mwalimu wa zamu anavyotoa taarifa. Mzoefu akija kwa mpya, kitabuni anaandika jina na tarehe tu, na darasani haingii ila akiombwa na mwenyeji wake. Na wanayozungumza hayaji kwangu. Hili la mwisho wazoefu wawili walilipinga, wakisema afisa lazima ajue. Nimelishikilia. Mimi ndiye ninayejaza tathmini ya utendaji ya watu hawa. Nikisikia kila udhaifu wao, hakuna atakayefungua mdomo. Isipokuwa jambo likihusu usalama wa mtoto: hapo hakuna siri, na tumelisema wazi tangu mwanzo.

15 Machi 2024: Kalenda ya ukurasa mmoja

Kabrasha la kurasa 60 tumelibadilisha kwa karatasi moja ya kubandika ukutani. Imepangwa kwa miezi, siyo kwa mada. Januari ni uandikishaji wa awali na darasa la kwanza, ratiba kuu, kikao cha kwanza cha kamati. Kisha usajili wa watahiniwa, ambako herufi moja ya jina ikikosewa sasa mzazi atahangaika nayo miaka. Machi takwimu za shule. Juni kufunga mwaka wa fedha tarehe 30. Septemba darasa la saba, kisha darasa la nne. Chini ya kila mwezi kuna mstari wa kumpigia nani ukikwama.

Nakala za rangi 12, kwa ajili ya wapya na wenza wote: 18,000. Hadi leo ndiyo karatasi inayotumika kuliko zote.

Aprili 2024: Mvua

Mafuriko ya Rufiji na Kibiti. Shule zetu ziko juu, lakini njia ya kwenda Mtoni ilikatika na bodaboda ya 4,000 ikawa 12,000. Ziara zote zimesimama. Wenza wamebaki na simu na ujumbe wa sauti, na kwa mambo ya fedha hiyo imekubali vizuri kuliko tulivyotegemea: mpya anapiga picha hati ya malipo kabla ya kuisaini, mwenza anaiangalia na kurudisha jibu. Makosa yaliyojirudia ni yaleyale, stakabadhi isiyo na tarehe, muhtasari wa kamati uliokosa saini ya mwenyekiti, fungu la ukarabati kutumika kununulia karatasi za mitihani. Vocha 40,000 kwa mwaka mzima, na nyingi zilitumika mwezi huu.

10 Mei 2024: Kitabu cha adhabu

Mtoni mwalimu amempiga mtoto wa darasa la nne, mkono ukavimba. Mama mzazi alikuja na mtendaji wa kijiji. Mwalimu mkuu mpya hakuwa na habari kwamba jambo hilo ni lake moja kwa moja. Kanuni za mwaka 2002 zinasema adhabu ya viboko hutolewa na mwalimu mkuu mwenyewe au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na kila mara iandikwe kitabuni. Kitabu cha shule hiyo kilikuwa kitupu tangu alipofika, na fimbo zilikuwa zinapigwa kila siku.

Mtoto alipelekwa zahanati siku hiyohiyo, mzazi akaombwa radhi mbele ya kamati, mwalimu akaandikiwa barua ya kujieleza. Mimi binafsi ningependa fimbo iondoke kabisa shuleni, na nimewaambia walimu wakuu wote sita hivyo. Lakini hata anayeitetea hana ruhusa ya kuitumia nje ya kanuni. Kuanzia sasa kitabu cha adhabu kinatajwa kwenye fomu ya makabidhiano, na mpya anatangaza kwenye kikao chake cha kwanza cha walimu kwamba hakuna aliyeruhusiwa mpaka apate karatasi yenye saini. Shule mbili hawajatoa karatasi hiyo kwa mtu yeyote, na shule zinakwenda.

31 Mei 2024: Mazoezi ya maneno magumu

Mwalimu mkuu wa Kilimani ni mama wa miaka thelathini na kitu. Ana mwalimu wa miaka 57 anayechelewa kipindi cha kwanza, na alishindwa kumkabili tangu Januari. Mwenza wake akapendekeza wafanye mazoezi kwanza. Nilikuwepo kwa ruhusa yao.

Mwenza akajifanya yule mzee: "Mwanangu, mimi nimeanza kushika chaki wewe hujazaliwa."

Mara ya kwanza yule mama alinyamaza. Mara ya pili akasema ataandika barua kwa Mkurugenzi. Mwenza akamsimamisha: ukianzia kwenye barua, utamalizia wapi? Wakarudia. Ikawa hivi: "Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kwako kabla sijaandika chochote, kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Darasa la nne wanakaa peke yao kipindi cha kwanza siku tatu kwa wiki. Tufanyeje?"

Alikwenda kuyasema kesho yake. Mzee akamweleza kwamba mkewe ana kidonda cha sukari, na anampeleka zahanati kufunga dawa asubuhi ya siku hizo. Vipindi viwili vikasogezwa kwenye ratiba kuu. Yalikaa sawa wiki kadhaa. Julai akarudia kuchelewa, na siku zenyewe si za zahanati. Safari hiyo alipewa onyo la maandishi, na mwalimu mkuu aliliandika bila kutetemeka kwa sababu mazungumzo ya kwanza yalishafanyika na yako kwenye kumbukumbu.

Ninalipendekeza zoezi hili kuliko mada yoyote ya uongozi niliyowahi kuisikia. Linahitaji saa moja na watu wawili. Tumeandaa mazungumzo matano ya kufanyia mazoezi: mwalimu mchelewaji, mzazi mwenye hasira, mwenyekiti wa kamati anayetaka zabuni apewe ndugu yake, diwani anayeomba mtoto aandikishwe bila umri kutimia, na mwalimu aliyefiwa.

26 Julai 2024: Manunuzi

Mwaka mpya wa fedha, na manunuzi ya shule yameingia kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi kwa njia ya mtandao. Duka la kijijini halijasajiliwa, na mwalimu mkuu hawezi kununua dukani kama zamani. Hapa wapya na wazoefu tulikuwa sawa, hakuna mwenza aliyekuwa na jibu. Tulichofanya ni kuchagua kwa kila shule mwalimu mmoja kijana anayejua kompyuta, akaelekezwa na mtu wa manunuzi wa halmashauri, tukakaa naye mjini kutwa nzima kwa shule zote pamoja. Wauzaji watatu wa mjini na mmoja wa kijijini wamekubali kujisajili. Kasi bado ni ndogo: makufuli ya Barabarani yalichukua wiki tatu.

Onyo kwa wanaoiga: kijana huyo asiachiwe neno la siri la mwalimu mkuu. Tulikuta shule moja ameachiwa. Mwenye neno la siri ndiye mwenye saini.

Septemba na Oktoba 2024

Mitihani ya darasa la saba na la nne imepita salama. Hakuna cha kuandika.

6 Desemba 2024: Hesabu na walioingia

Michango ya mwaka: 480,000. Matumizi: semina 154,000, fomu na kalenda 46,000, nauli za wenza pamoja na ya yule mzee 210,000, vocha 40,000. Jumla 450,000, bakaa 30,000. Mafuta ya pikipiki hayamo humu. Petroli kwa sehemu kubwa ya mwaka huu imekuwa zaidi ya shilingi 3,000 kwa lita, na atakayefanya kazi hii kwenye kata zenye umbali kama zetu aweke hilo akilini. Bila ile semina ya Desemba, gharama ni chini ya 300,000 kwa walimu wakuu sita.

Watano kati ya sita wanaendelea. Mmoja, wa mojawapo ya zile shule tulivu, ameomba mwenyewe kurudi darasani. Nimemuunga mkono mbele ya Afisa Elimu. Alikuwa mwalimu hodari wa hisabati na hakuwahi kuutaka uongozi. Aliteuliwa kwa sababu shule yake ilikuwa inafaulu somo lake. Napendekeza mwalimu aulizwe kabla barua haijaandikwa.

Jozi mbili zimekubaliana kuendelea mwaka wa pili bila fedha ya mradi. Kijana wa Mikorosho atakuwa mwenza kuanzia Januari. Wapo waliosema bado ni mchanga, lakini yeye ndiye anayekumbuka vizuri zaidi ugeni ulivyo, na kwenye makabidhiano hakuna anayemzidi kata hii.

Barua mpya zimetoka juzi, walimu wakuu watatu. Kamati za shule zitahesabu tarehe 11 na 12, kusaini ni tarehe 16, barua za benki zimeshachapwa. Madawati 12 ya Mikorosho yamerudi kutoka sekondari. Yale matano bado.